Usilipe bili ya rangi kabla hujausoma mkataba

Euro 1,850. Ndizo alizokatwa mwenzetu mmoja hapa Ujerumani kwenye amana yake baada ya kurudisha funguo, kwa ajili ya kupaka rangi vyumba viwili na sebule. Zigeuze kwa shilingi uone nyumbani ungepiga rangi nini, na fundi ungemlipa vipi. Kinachouma zaidi ni kwamba huenda hakudaiwa hata senti, maana nyumba yenyewe alikabidhiwa kuta zikiwa chafu.

Mnaojiandaa kuja, neno la kulitafuta kwenye mkataba ni Schönheitsreparaturen, yaani marekebisho ya kupendezesha nyumba, hasa kupaka rangi. Kisheria, kupaka rangi ni kazi ya mwenye nyumba. Mkataba ndio unaokubebesha wewe, na si kila kipengele kinasimama. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Shirikisho, BGH, ilibatilisha zile ratiba za lazima, jikoni kila miaka 3, vyumba kila miaka 5, zisizojali kuta zina hali gani. Mwaka 2015 ikasema aliyepokea nyumba isiyopakwa rangi, bila kufidiwa ipasavyo, halazimiki kuipaka. Kipengele cha kukulazimisha uajiri kampuni nacho ni batili: unaruhusiwa kupaka mwenyewe, mradi kazi iwe ya ubora wa wastani. Ila ukipewa ukuta mweupe ukaurudisha mwekundu, utalipa. Hilo liliamuliwa 2013.

Kama kipengele chako kinasimama, anza na hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kuta za kimo cha mita 2.5: mzunguko ni mita 15, kwa hiyo kuta ni mita za mraba 37.5. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 34; dari ni 14. Jumla 48, na kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 96. Lita moja hufunika kama mita za mraba 6 au 7, basi unahitaji lita 14 hadi 16. Raufaser, ile karatasi ya ukutani yenye chenga za mbao, hunywa zaidi. Kwenye ndoo tazama Deckkraftklasse, daraja la uwezo wa kufunika: la 1 ndilo linalofunika vizuri kuliko yote, la 4 ndilo la mwisho. Ndoo ya bei rahisi ya daraja la 3 inaweza kukupigisha mikono mitatu, na huo wa tatu unakula siku nzima.

Maandalizi ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, hasa kwetu sisi tunaokaanga kila siku na kufukiza udi. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Kuta za jikoni zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha zikauke kabisa. Madoa ya manjano, ya moshi au ya maji yaliyovuja, huyeyuka kwenye unyevu wa rangi na kurudi juu inapokauka, hata ukirudia mara tatu. Yatangulizie Isolierfarbe, rangi ya kuzuia madoa. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mweupe, piga kwanza praima iitwayo Tiefgrund, la sivyo rangi itabanduka na kuifuata rola. Ukungu mweusi kando ya dirisha usiufunike. Mwandikie mwenye nyumba, tena mapema, maana huenda tatizo liko ukutani kwake.

Mashimo ya skrubu yana ufundi wake. Plagi ya plastiki usiisukumize ndani. Kaza skrubu mizunguko miwili mitatu tu, kisha ivute kwa koleo. Itatoka na plagi yake. Jaza filla mpaka ivimbe kidogo, kwa sababu husinyaa ikikauka, halafu sawazisha kwa msasa namba 120. Vumbi lifute.

Zima umeme, fungua vifuniko vya soketi. Rola mpya iviringishe kwenye tepu itoe manyoya. Dari kwanza, ukianzia dirishani kuelekea ndani ya chumba. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuzungushia brashi kona za chumba kizima ndipo ashike rola. Kingo zinakuwa zimeshakauka, na kila ukuta unabaki na mstari kama fremu ya picha. Maliza ukuta mmoja mmoja: kona kwa brashi, hapo hapo rola, rangi ya kona ikiwa bado mbichi, viboko vya mwisho vyote kutoka juu kwenda chini. Wakati wa baridi zima hita unapopaka, maana hukausha rangi kabla hujaiunganisha na kuacha michirizi. Tepu ya kando ibandue rangi ikiwa mbichi. Ikishakauka inang'oka na vipande.

Siku ya kukabidhi, piga picha kila ukuta na dari, mchana, na hali ya kuta iandikwe kwenye Übergabeprotokoll, ile hati ya makabidhiano. Usiposadiki kilichoandikwa, usisaini. Hakuna wa kukulazimisha. Dai la mwenye nyumba la uharibifu hufikia ukomo miezi 6 baada ya kurudishiwa nyumba yake, kwa hiyo picha hizo zitunze angalau mpaka hapo.