Wakaelewana

Mwaka juzi, masika yalipokuwa yanaanza, mama yangu aliamka alfajiri akashindwa kufunga kanga. Mkono wa kulia haukumtii, mdomo ulikuwa umekwenda upande, na neno alilotaka kuniambia halikutoka. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa wiki mbili na siku kadhaa, kisha tukarudi naye nyumbani Magomeni tukiwa na mfuko wa dawa za presha, karatasi yenye michoro ya mazoezi ya viungo, na agizo moja ambalo muuguzi alilirudia mara tatu ili tusije tukasema hatukulisikia: mgonjwa asilalie ubavu mmoja kwa zaidi ya saa mbili, mchana wala usiku, la sivyo atatoka vidonda.

Wale ambao wamewahi kuuguza nyumbani watanielewa nikisema kwamba mgonjwa mwenyewe hakuwa ndiye mzigo. Mzigo ulikuwa sisi wazima. Mjomba alitaka shamba la Pangani liuzwe haraka kabla bei haijashuka, ingawa hakuna aliyejua kwa nini ingeshuka. Mama mdogo alitaka mgonjwa apelekwe Tanga kwa bibi mmoja anayesifika kwa kukanda. Kaka yangu, ambaye ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari, alitaka kila shilingi na kila kidonge kiandikwe kwenye daftari. Kundi la WhatsApp la familia, lililofunguliwa kwa ajili ya michango, liligeuka baraza la kukumbushana nani alimsomesha nani mwaka gani. Mimi, binti mkubwa nisiye na mume wala mtoto, na kwa hesabu ya ukoo wetu mtu asiye na shughuli, nikapewa usiku.

Usiku wenyewe ulikuwa umekatwa vipande vya saa mbili mbili. Ningemgeuza mama saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi, na katikati nilikuwa sithubutu kulala, kwa sababu nikilala siamki. Nilijaribu kusoma mambo ya maana. Nilijaribu pia kusoma habari kwenye simu, na baada ya siku tatu nikaacha, maana kila habari ilinipandisha presha na mimi. Kisha siku moja, nikitoka kununua dawa mjini, nikapita kwa wale wauza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara kule Posta, nikaokota kitabu chembamba cha hadithi ya mapenzi, cha Kiingereza, kilichopauka kwa jua, chenye picha ya daktari aliyefungua vifungo vya shati kwa kiasi ambacho sijapata kuona daktari yeyote akifungua. Nikatoa shilingi 2,000 bila kuomba kupunguziwa. Ndani ya jalada mmiliki wa zamani alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kwa Kiingereza, kwamba atakayekiiba atajibu mbele ya Mungu.

Kilikuwa na kurasa 180 na ushei. Nilikimaliza kwa usiku wawili, na kwa mara ya kwanza tangu mama aanguke, kengele ya simu ya kumgeuza ilinikuta nikitabasamu.

Nimefikiri sana kuhusu jambo lililokuwa linanituliza, kwa kuwa kitabu chenyewe, tuseme ukweli, hakikuwa kizuri. Maelezo yalikuwa yanajirudia, na yule bibi muuguzi alikuwa anazimia kila baada ya kurasa ishirini. Kilichonituliza ni kwamba nilijua mwisho. Chama cha waandishi wa hadithi za mapenzi cha Marekani kinaitambua hadithi ya aina hiyo kwa masharti mawili tu: mapenzi ya wahusika wakuu yawe ndiyo kiini cha kitabu, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Wakosoaji huliona sharti hilo la pili kuwa ni upungufu, na mimi pia nilipokuwa chuoni ningeliona hivyo. Lakini katika nyumba ambamo kila swali lilikuwa halina jibu, atatembea au hatatembea, atasema au hatasema, shamba litauzwa au halitauzwa, kulikuwa na raha isiyo na mfano katika kushika kitu ambacho, hata watu wagombane vipi ukurasa wa 90, ukurasa wa 180 nimehakikishiwa. Nilikuwa nikianza na ukurasa wa mwisho kabisa ili nijue kwamba hakuna aliyenidanganya, ndipo narudi mwanzo.

Ni kwa sababu hiyohiyo kwamba simulizi zetu za simuni hazikunifaa. Ninazipenda, na nimekua nazo tangu zilipokuwa zikitoka kwenye magazeti ya udaku, lakini kila sehemu inaishia na neno "itaendelea" pale pale penye kisu shingoni, na siku hizi ukitaka mwisho unatuma pesa kwanza. Mtu ambaye nyumbani kwake kila kitu kinaendelea hana haja ya kuongezewa itaendelea nyingine.

Riwaya za Kiswahili nilizofundishwa, ndiyo kabisa. Kaka yangu asinune, lakini nikihesabu wapenzi tuliowasoma darasani, ni wachache mno waliofika salama. Rosa Mistika wa Euphrase Kezilahabi, katika riwaya ya mwaka 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, anakulia chini ya baba mkali, anaponea chupuchupu hapa na pale, na mwishowe anajiua. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, anampenda Denge mpigania uhuru, halafu siasa zinawatenganisha. Ni vitabu vikubwa, na sitavibadilisha kwa shehena nzima ya vile vya madaktari wenye vifungo wazi. Hata hivyo tumezoea mno kuiuliza kila hadithi ya mapenzi inatufundisha nini, na ikishakuwa lazima ifundishe, lazima mtu aadhibiwe, na mara nyingi anayeadhibiwa ni msichana. Hadithi ndefu ya Kiswahili ambamo msichana anapenda, anapendwa, hapati mimba ya aibu wala hafi, na mwisho wanakula wali wa harusi, nimeitafuta sana na nimepata kidogo sana. Ndiyo maana usiku nilikuwa nikisoma Kiingereza huku nikifikiri kwa Kiswahili.

Wenzetu wamefanya biashara ya mwisho mwema kwa muda mrefu. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na mwanzoni ilichapisha kila kitu, hata Jack London na P. G. Wodehouse wamo katika orodha yake. Katika miaka ya 1930 ndipo iliposhikilia mapenzi, ikiwauzia wenye maktaba ndogo za kukodisha vitabu vyenye majalada ya rangi ya kahawia. Harlequin ya Kanada, iliyoanzia Winnipeg mwaka 1949, baadaye ilianza kununua haki za kuchapisha upya hadithi zao za madaktari na wauguzi, na mwaka 1971 ikainunua kampuni nzima. Kwa hiyo yule daktari wangu wa Posta alikuwa na ukoo mrefu kuliko nilivyodhani. Habari iliyonigusa zaidi, hata hivyo, ni ya Georgette Heyer, Mwingereza aliyekuja kuwa malkia wa hadithi za mapenzi ya kizamani zenye vichekesho: alitunga kisa chake cha kwanza akiwa na umri wa miaka 17, ili kumchangamsha mdogo wake Boris aliyekuwa anauguza afya yake. Kisa kikachapishwa 1921. Kumbe shina mojawapo la mti huu limeota kando ya kitanda cha mgonjwa.

Nilisoma habari hiyo nikamtazama mama, aliyekuwa macho akiyaangalia mapangaboi yasiyozunguka, kwa maana umeme ulikuwa umekatika, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nikila peke yangu. Usiku ule nikaanza kumsomea. Nilikuwa nashika simu kwa mkono mmoja itoe mwanga, kitabu kwa mkono wa pili, na nilikuwa natafsiri papo kwa papo, nikibadilisha nilichoona kinafaa kubadilishwa. Lodi akawa mwinyi. Chai ya saa kumi ikabaki chai ya saa kumi, nikaongeza vitumbua.

Tatizo lilikuwa mabusu. Sijui wenzangu mmelelewaje, lakini mimi sikuweza, katika umri wangu wa miaka 41, kumtamkia mama yangu mzazi kwamba yule bwana akamvuta yule binti kifuani na kadhalika. Nilipofika mahali hapo nilikohoa, nikafunua kurasa mbili kwa mpigo, nikasema: "Basi, wakaelewana." Mama alinyamaza. Zilipita sura tatu, wakaelewana tena, na hapo nikasikia sauti kutoka kitandani, nzito kama ya mtu anayesukuma gogo:

"Umeruka."

Lilikuwa mojawapo ya maneno ya kwanza aliyoyasema yakaeleweka. Upande wa kushoto wa mdomo wake ulikuwa unacheka.

Baada ya hapo tulikuwa tunasoma kila usiku. Mama alikuwa fundi cherehani kwa miaka zaidi ya thelathini, na nikagundua kwamba mambo ya mapenzi yenyewe hayamshughulishi sana kama nguo. Usiku mmoja binti wa hadithi alikuwa anashuka ngazi akiwa na gauni la hariri ya kijani, mama akasema, "Mikono?" Nikaweka kitabu chini haraka, nikaanza kumkanda mkono wa kulia, nikidhani umeanza kumuuma. Akatikisa kichwa kwa hasira. "Mikono! Mikono!" Nikamwuliza kama nimwite kaka, kama nimpe dawa, kama nimgeuze. Machozi yalikuwa yanamlengalenga kwa kushindwa kunieleza, na yangu pia, mpaka alipoinua mkono wa kushoto akauvuta juu ya bega la kulia na kushuka hadi kwenye kiwiko, polepole, kama anapima kwa futikamba. Alikuwa anauliza mikono ya gauni. Mirefu au mifupi? Nikarudi kwenye ukurasa nikatafuta. Kitabu hakikusema. Nikamwambia mirefu, yenye kubana kwenye kifundo, vifungo vidogo vya lulu. Akafumba macho kama mtu aliyeshiba.

Sitaki kudai kwamba daktari mwenye vifungo wazi alimtibu mama. Aliyemsaidia ni kijana wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija mara mbili kwa wiki, pamoja na dawa, uji, na ukaidi wake mwenyewe. Ninachodai ni kidogo zaidi. Mtafiti wa Kimarekani, Janice Radway, alizungumza na wanawake wasomaji wa hadithi hizi katika mji mmoja wa kule kwao, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1984 alieleza kwamba, kwao, kitendo cha kusoma chenyewe kilikuwa muda wao, saa ambayo mume na watoto walijua mama hayupo ingawa amekaa pale pale kwenye kiti. Mimi sina mume wa kumfungia mlango, lakini nilikuwa na kundi la WhatsApp, na ninajua kwamba kuanzia saa nne ya usiku lilikuwa linalia peke yake, bila wa kulijibu.

Kitabu kilichotuchekesha kuliko vyote kilikuwa cha wale mashehe wa jangwani, aina ambayo Waingereza wameipenda kwa zaidi ya miaka mia moja. Kuna shehe, ana farasi, ana hema la zulia jekundu, ana hasira. Nilipolitamka tu neno shehe, mama akataka kujua anaswalisha msikiti gani. Nikamwambia haswalishi. Baadaye shehe akamimina mvinyo. Mama akanitazama. Nikasema huenda ni sharubati. Akanitazama tena. Jamaa zetu wawili wamewahi kufanya kazi Muscat, na mama akaniomba, kwa maneno mawili na ishara nyingi, niwapigie simu niwaulize kama wamewahi kumwona mtu wa namna hiyo. Hawajamwona.

Kaka yangu alikuwa akitukuta na vitabu hivi asubuhi, anavishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya. "Dada, na elimu yako yote," alikuwa akisema, kisha anauliza maudhui ni nini. Nilikuwa nimechoka kubishana, kwa hiyo nilikuwa nikimjibu kwamba maudhui ni gauni.

Mwezi wa tisa nikapata homa, ikabidi yeye ashike zamu ya usiku. Nilimwachia ratiba ya kumgeuza, dawa zilizopangwa kwenye visahani, na kitabu kilichokunjwa ukurasa wa 112, bila kumwambia neno lolote juu ya hicho cha mwisho. Nikaenda kulala chumba cha pili. Karibu saa nane niliamka kunywa maji, nikapita ukumbini bila viatu. Mlango ulikuwa wazi kidogo, mwanga wa simu unacheza ukutani, na mwalimu wa fasihi alikuwa anasoma kwa sauti ile anayoitumia darasani, Kiswahili sanifu kabisa, kila sentensi imenyooka. Bwana alikuwa amevuka mvua. Binti alikuwa amefungua mlango. Kaka akasita. Nikasikia karatasi zikifunuliwa, akakohoa, akasema:

"Na hapo, kwa kweli, wakaelewana."

"Umeruka," akasema mama.