Barawa: tuanze na nyumba, ufuo utasubiri

Ikitajwa Barawa na utalii, watu hukimbilia ufuo. Mimi naona utajiri uko kwenye nyumba. Mji huu, kama kilomita 200 kusini-magharibi mwa Mogadishu, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wenyeji wake wa asili husema Chimwini, ndugu wa Kiswahili. Ndiyo lugha aliyotungia mashairi Dada Masiti, aliyefariki 1919.

Jamani, ukarabati usifanywe kwa saruji! Matumbawe hunyonya unyevu na chumvi. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, na plasta ikija kubanduka huondoka na vipande vya jiwe. Anza na paa, kwa sababu boriti zikioza dari huja chini na kuta hufuata. Kisha bandua saruji yote, acha ukuta ukauke, piga chokaa tabaka nyembamba nyembamba, na kila moja uiloweshe isikauke upesi ikapasuka.

Msimu mzuri wa kuzuru mji ni kaskazi, Desemba hadi Machi. Kusi ikishika, bahari huchafuka na vyombo vidogo hupata taabu.

Kikwazo kikubwa ni barabara. Al-Shabaab waliondolewa mjini Oktoba 2014, lakini njia ya kutoka Mogadishu imebaki ya mabomu ya kutegwa na mashambulizi ya kuvizia. Hoteli ya kifahari leo ni pesa ya kutupa. Wageni wa kwanza wawe Wabarawa wa Mombasa na London, walale kwenye nyumba za jamaa zao, na mafundi chokaa walipwe kwanza.