Siku moja maishani mwangu: karani wa Tanga na madiwani wa 1933

Saa 12 asubuhi

Februari ya Iowa haina huruma na mtu wa Tanga. Naswali, nakunywa chai ya tangawizi nikiwa nimesimama, kisha naliwasha gari liungurume huko nje hadi barafu ya kwenye kioo ilegee. Watoto leo zamu ya baba yao.

Kabla sijahamia Marekani nilikuwa karani wa vikao kwenye halmashauri moja nyumbani: kuandaa ajenda, kupitisha karatasi ya mahudhurio, kuandika mihutasari, kukimbizana na wenyeviti wa kamati wasaini. Huku nimeangukia kazi ileile, ila imerudi nyuma miaka tisini. Mji ni mdogo, jina naliacha kwa kuwa sijaomba ruhusa. Ofisi ya karani wa mji imeniajiri kupiga picha vitabu vya zamani vya mihutasari ya baraza, ukurasa kwa ukurasa, na kutengeneza faharasa. Sasa hivi niko miaka ya 1930, ule Mdororo Mkuu wa uchumi.

Saa 1:30

Anayefungua jengo ni papa mmoja (yaani baba, kwa Kiswahili cha Kongo) wa Bukavu, mtu wa usafi. Kila mtu na Kiswahili chake.

"Ile bitabu yako haiishake, mama?"

"Haviishi, papa. Wazee hawa walikaa vikao kweli."

Chumba cha kumbukumbu kiko chini kabisa, kuna joto kuliko ofisi za juu, kwa hiyo silalamiki. Vitabu ni vizito, vina majalada ya ngozi nyekundu, na ngozi yenyewe imezeeka mpaka inatoa unga. Ukikibeba kimoja bila aproni unatoka na kifua chekundu kama saidia fundi aliyeshinda anabeba matofali ya kuchoma. Ndani karatasi bado imara. Miaka ya mwanzo ni mwandiko wa kalamu ya wino, kisha mahali fulani karani akapata taipureta, na kuanzia hapo mambo yanasomeka.

Saa 2

Nawasha skana, nalaza kitabu kwenye mto wa sponji, naanza.

Wiki ya kwanza nilishangaa kuona sihitaji kufundishwa. Kikao kinafunguliwa, majina yanaitwa, akidi imetimia. Muhtasari uliopita unasomwa na kuthibitishwa. Yatokanayo. Barua za wananchi. Taarifa za kamati: barabara, maji, zimamoto. Orodha ya madai ya kulipwa. Mengineyo. Kufunga. Hoja inatolewa na fulani, inaungwa mkono na fulani, inapita. Diwani wa kata yoyote ya kwetu angekaa kwenye kiti kile na angejua muda wa kunyoosha mkono.

Saa 3

Leo nimefikia ukurasa niliokuwa naungojea. Baraza hili lilikaa Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, na mwaka 1933 Jumatatu ya kwanza ya Machi iliangukia tarehe 6. Franklin Roosevelt aliapishwa kuwa rais Jumamosi tarehe 4. Usiku wa manane kuamkia Jumatatu akatoa tangazo la kufunga benki zote za Marekani. Watu wakaamka hawana pa kuchukulia hela zao, hata kama wanazo. Jioni ya siku hiyohiyo madiwani wangu wakaingia ukumbini.

Nilitegemea hotuba. Muhtasari wa Februari ukathibitishwa. Mama mjane analalamika kalvati mbele ya nyumba yake limeziba na maji yanamwingilia jikoni; kamati ya barabara ikaangalie. Mbwa wasiolipiwa leseni wakamatwe. Nusu ya taa za barabarani zilizozimwa tangu vuli ziendelee kuzimwa. Halafu, katikati ya ripoti ya kamati ya maji, mstari mmoja: wanaodaiwa bili wasikatiwe maji hadi benki zifunguliwe. Imetolewa hoja, imeungwa mkono, imepita. Wanaendelea na bei ya mpira wa gari la zimamoto.

Mstaafu mmoja anayekuja kujitolea hapa Jumatano alisema watu hao walikuwa wamelala usingizi, dunia inaungua wao wanajadili mbwa. Mimi sikubaliani naye. Diwani wa mji mdogo hana benki ya kufungua wala kiwanda cha kuwasha. Ana koki ya maji, swichi ya taa na koleo. Jioni ile walishika koki, wakaamua isifungwe. Benki zilizokaguliwa zilianza kufunguliwa tarehe 13, na nyingine hazikufunguka tena, lakini hakuna aliyekosa maji wiki ile kwa sababu ya bili. Mimi naihesabu hiyo kuwa kazi.

Na hali ilikuwa mbaya hasa. Mwaka ule karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye kutafuta kazi Marekani hakuwa nayo. Hapa Iowa mahindi yaliporomoka bei hadi kuna mahali waliyachoma kwenye majiko badala ya makaa ya mawe, maana yalikuwa rahisi kuliko makaa. Sisi tuliolelewa kwa ugali tukisikia hayo tunashika vichwa.

Saa 5

Kati ya kurasa mbili nimekuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni hati ya malipo ya mji, kwa jina la mlinzi wa usiku. Mbele imeandikwa vizuri, na saini ya meya na ya karani. Nyuma kuna muhuri wa wino wa zambarau, umepigwa upande: imewasilishwa, haikulipwa kwa kukosa fedha. Chini yake saini ya mlinzi mwenyewe, herufi zimetetemeka, na chini zaidi saini ya mtu mwingine kabisa.

Utaratibu ulikuwa huu. Mji hauna hela, lakini mlinzi amekesha mwezi mzima. Anapewa hati. Anaipeleka kwa mweka hazina, mweka hazina anafungua droo, hamna kitu, anaipiga muhuri. Tangu siku hiyo hati inaanza kuzaa riba, na italipwa zamu yake ikifika, kodi zikiingia. Sasa mlinzi hali riba. Anaipeleka kwa mwenye duka au mtu mwenye akiba, anaiuza kwa bei pungufu, ananunua unga. Ile saini ya pili ndiye mnunuzi. Akisubiri, anachukua dola kamili na riba juu.

Kodi zenyewe zilikuwa za majengo na ardhi, na mwenye nyumba asiye na kazi hailipi. Kwenye miji mikubwa, ile ya zaidi ya watu 50,000, sehemu ya kodi iliyobaki bila kulipwa mwisho wa mwaka ilipanda kutoka kama asilimia 10 mwaka 1930 hadi kama asilimia 26 mwaka 1933. Kila mji ukabuni lake. Tenino, jimbo la Washington, benki yao ilipofungwa Desemba 1931 wafanyabiashara walichapisha noti kwenye vipande vyembamba vya mbao, na watu wakanunulia vitu. Hapa kwetu hawakufika huko. Walikuwa na wino wa zambarau.

Hati nimeipiga picha pande zote mbili na kuirudisha palepale ilipokuwa.

Saa 6 mchana

Adhuhuri, kisha wali wa jana na maharage kwenye maikrowevu. Nyumbani ni saa tatu usiku, kwa hiyo namwahi Mzee, karani mstaafu aliyenifundisha kazi. Namtumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo Mzee. Leo nimekuta madiwani waliopunguza mshahara wa karani, wakapunguza wa mlinzi, halafu kikao kinachofuata wakapunguza posho yao wenyewe." Nadhani ameshalala, hajibu.

Saa 8

Simu kutoka juu: fundi mkuu wa maji anashuka. Huyu ndiye mteja wangu wa kweli. Wanahistoria wanakuja mara chache. Mafundi wanakuja kila wanapochimba.

Wameanza kufukua barabara moja na kukuta bomba la majitaka ambalo halimo kwenye ramani yao. Anataka kujua limewekwa lini, linaelekea wapi, na kama lina chemba mbele yake kabla tingatinga halijaipata. Namuuliza linafananaje. La udongo wa kuchoma, anasema, na limepangwa kwa ustadi, mtaro umechimbwa kwa mkono. Hapo nikajua nianzie wapi.

Novemba 1933 serikali kuu ilianzisha mpango wa CWA (Civil Works Administration), chini ya Harry Hopkins, kuwapa watu kazi ya mshahara wapite majira ya baridi. Ndani ya miezi michache iliajiri zaidi ya watu milioni 4, ikafungwa Machi 1934. Baadaye, mwaka 1935, ikaja WPA, mpango mwingine wa aina hiyo, iliyodumu hadi 1943. Kwa madiwani mambo yalikuwa rahisi kueleza na magumu kutekeleza: serikali kuu inalipa vibarua, mji unatafuta mradi, ramani, na sehemu ya vifaa. Ndiyo maana vitabu vyangu vinanenepa ghafla kuanzia mwisho wa 1933. Baraza lililokuwa linabishana juu ya mpira mmoja wa gari linapitisha njia za waenda kwa miguu, mifereji, ukuta wa mto, hata vyoo. WPA ilijenga vyoo vya shimo zaidi ya milioni 2 nchini, kitu ambacho Wamarekani wa leo hawapendi kukumbushwa.

Tumekaa mimi na fundi mkuu, bega kwa bega, tukifuata faharasa yangu yenye matobo. Mabomba yamenunuliwa kikao cha Desemba. Mtaro umebadilishwa njia Januari kwa sababu ya mwamba. Na Februari 1934 kuna malalamiko ya mwenye nyumba ya pembeni kwamba chemba imewekwa mbele ya geti lake na inanuka. Fundi mkuu akapiga meza kwa furaha. Nyumba bado ipo. Amepiga picha ukurasa kwa simu yake na kukimbia, hata asante imebaki kwenye ngazi.

Yule mwenye nyumba wa 1934, kwa taarifa yako, baraza lilimjibu kwamba suala limepokelewa.

Saa 9:30

Usingizi wa baada ya chakula umenikuta kwenye sheria ndogo, na hakuna dawa ya usingizi mbovu kama sheria ndogo. Leseni za kuuza bia, baada ya bia nyepesi kuruhusiwa tena Aprili 1933. Kuku. Viwanja vitupu kugawiwa kwa wasio na kazi walime viazi. Ruhusa ya wasafiri wasio na makazi kulala kwenye mahabusu usiku mmoja, asubuhi waondoke. Bili za maji kulipwa kwa siku za kazi barabarani, koleo mkononi.

Iliyoniamsha ni ya wachuuzi wa mlango kwa mlango. Asili yake ni Green River, Wyoming, mji wa reli. Wanaume wengi walifanya kazi usiku na kulala mchana, na kila saa kuna mtu anagonga kuuza brashi. Mwaka 1931 baraza la pale likatunga sheria: usigonge mlango kuuza kitu bila kuitwa na mwenye nyumba. Kampuni ya Fuller Brush ikaenda mahakamani, na mwaka 1933 mahakama ya rufaa ikaupa mji ushindi. Miji mingi ikainakili, huu wetu mmojawapo, karibu neno kwa neno.

Hapo nawaelewa nusu tu. Wenye maduka mjini walikuwa wanalipa kodi na walitaka kulindwa. Na ukitazama majina, wawili kati ya waliopiga kura walikuwa wenye maduka. Lakini mwaka ule aliyekuwa anagonga milango na sanduku la brashi mara nyingi ni mtu aliyefukuzwa kazi wiki chache nyuma. Wamachinga wa kwetu wanaijua sheria hiyo bila kuisoma.

Saa 11 jioni

Nafuta vumbi jekundu kwenye skana, nahifadhi faili mara mbili, nafunga. Juu ukumbi unapangwa viti, leo baraza la sasa linakaa. Kwenye ajenda iliyobandikwa mlangoni: barabara iliyofukuliwa, leseni mbili za pombe, kuku. Sikai, watoto wananisubiri.

Saa 2:30 usiku

Watoto wamelala. Tanga ni alfajiri, na Mzee ametoka msikitini, maana nasikia jogoo nyuma ya sauti yake.

"Marahaba binti. Hapo kwenye posho hapo. Nani alitoa hoja, na nani aliiunga mkono? Nitumie ukurasa wenyewe, kuna watu hapa nataka kuwasomea."

Nimemtumia. Aliyetoa hoja ni mwenye duka la mbegu, aliyeunga mkono ni kinyozi.