Mstari ulioporomoka: hataza kama kipimo cha ubunifu

Mara ya kwanza nilipochora grafu ya maombi ya hataza (haki ya kisheria ya kuzuia wengine kuiga uvumbuzi) ya sekta moja, mstari ulipanda mwaka hadi mwaka, kisha ukaporomoka katika miaka miwili ya mwisho, nami nikaanza kuandika maelezo marefu kuhusu kudorora kwa ubunifu. Hakuna kilichodorora. Katika ofisi nyingi za hataza maombi huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, hivyo yale ya karibuni yalikuwa bado hayajatoka. Siku hizi miaka hiyo naikata kabisa.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba kila hataza ina uzito sawa. Chache zina thamani kubwa, na zilizo nyingi huambulia kidogo mno. Ulinzi waweza kudumu miaka 20, lakini hudumu tu mradi ada ilipwe kila kipindi kinapofika, na mmiliki anayeacha kulipa mapema huwa amekwisha kutuambia, bila kuulizwa, jinsi anavyouthamini uvumbuzi wake.

Njia nyingine ni kuangalia marejeo, yaani ni mara ngapi hataza za baadaye zimeitaja hataza fulani. Mwaka 1990 mwanauchumi Manuel Trajtenberg alichapisha uchunguzi wake kuhusu mashine za CT za hospitalini, zinazopiga picha za ndani ya mwili: idadi tupu ya hataza ilikwenda sambamba na fedha zilizotumika katika utafiti, ilhali idadi iliyopewa uzito kwa marejeo ndiyo iliyokaribiana na manufaa ya mashine hizo kwa jamii. Idadi tupu ilipima jasho kuliko mavuno. Hata hivyo marejeo nayo yana hila zake, kwa kuwa mengi huongezwa na wakaguzi wa ofisi ya hataza, si mvumbuzi mwenyewe, na hataza kongwe imepata muda mrefu zaidi wa kutajwa. Kwa hiyo mimi hulinganisha zile za mwaka mmoja na fani moja tu.

Kulinganisha sekta na sekta sikushauri. Kampuni ya dawa hukimbilia hataza kwa sababu molekuli ikishajulikana ni rahisi kuigwa, lakini kiwanda kilichogundua namna bora ya kuchoma chuma, ambayo mshindani hawezi kuiona akiwa nje ya ukuta, huona heri kuifanya siri, na katika kanzidata zangu kiwanda hicho kina sifuri.