Nilivyochagua konvata mpya ya karavani, nikianzia kwenye betri

Kabla ya kununua, nilipima. Konvata ndiyo inayopokea umeme wa nje na kuushusha hadi volti 12 za kuwasha taa na pampu, huku ikichaji betri. Ikionekana imekufa, angalia kwanza fyuzi zake za kukinga betri iliyogeuzwa, kwa kawaida mbili zilizochomekwa karibu na nyaya za kutolea. Hukatika mtu akibadilisha chanya na hasi hata kwa sekunde moja, na konvata nyingi nzima hutupwa kwa ajili ya fyuzi hizo tu.

Zangu zilikuwa salama. Nilichomeka umeme wa nje betri ikiwa nusu, nikaweka mita kwenye vituo vya konvata. Baada ya saa kadhaa ilisimama kwenye volti 13.6, na saa nyingi baadaye ilikuwa palepale. Haikuwa mbovu, ndivyo ilivyoundwa: volti moja tu, usiku na mchana. Betri ya risasi inahitaji takribani 14.4 ili ijae ndani ya muda wa maana, kisha ishushwe hadi 13.5 hivi ya kuitunza. Ikibaki kwenye 13.6 tu, sehemu ya mwisho huchukua siku nzima au zaidi. Ukisafiri kabla haijajaa, safari baada ya safari, salfeti, yaani chumvi ya risasi, inagandamana kwenye sahani za ndani ya betri na uwezo unapungua bila kurudi.

Kwa hiyo sikutafuta konvata inayofanana na ya zamani. Nilianza na betri: mbili za risasi, jumla ampea-saa 200. Betri za aina hii hupenda kuchajiwa kwa asilimia 10 hadi 25 ya ukubwa wake. Nilichukua asilimia 20, yaani ampea 40, nikaongeza kama 10 za taa, pampu na feni zinazotumika wakati huohuo. Konvata ya ampea 55 ikatosha. Ya 80 ingeonekana nzuri kwenye karatasi, lakini betri hizi zingepata joto na kupoteza maji.

Nilichagua yenye hatua tatu za kuchaji (kujaza kwa nguvu, kumalizia, kisha kutunza) na swichi ya kuchagua aina ya betri, kwa kuwa nataka kuhamia lithiamu ya chuma na fosfati baadaye. Hapa soma maelezo yote, usiishie kwenye neno "lithiamu" lililoandikwa kwenye boksi. Betri hiyo huchajiwa kwa 14.2 hadi 14.6, na haitakiwi kupandishiwa volti 15 au zaidi, kama baadhi ya chaja zinavyofanya ili kuzisafisha betri za risasi. Pia isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa hiyo hakikisha betri yenyewe ina kinga ya baridi.

Wanaotumia jenereta ndogo wapige hesabu hii. Ampea 55 kwa volti 14.4 ni wati 792. Kwa ufanisi wa asilimia 85, konvata inavuta kama wati 930. Isiyorekebisha kipengele cha nguvu (uwiano wa wati zinazotumika kwa volti-ampea, yaani mzigo mzima unaobebwa na jenereta), tuseme 0.7, inaibebesha jenereta karibu volti-ampea 1,330. Iliyorekebishwa ni ghali zaidi, lakini kwa jenereta ndogo ningeilipia bila kusita.

Kilichobaki ni waya, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Wa zamani ulikuwa wa milimita 10 za mraba, mita 3 kwenda na 3 kurudi. Ampea 55 zikipita, karibu volti 0.58 zinapotea njiani: konvata inaona 14.4, betri inapata 13.8, na chaji inaanza kupunguzwa mapema. Nilitandaza wa milimita 25 za mraba, hasara ikashuka hadi 0.23, nikaweka fyuzi ya ampea 80 karibu kabisa na betri.

Kufunga ni kazi fupi. Chomoa umeme wa nje, zima breka ya umeme (swichi ya kukata umeme), toa waya hasi wa betri, na ukate sola pia, maana inaendelea kuleta umeme ukiwa umesahau. Nilipofungua ya zamani, skrubu ya hasi ilizunguka kwa vidole. Plastiki pembeni yake ilikuwa ya kahawia na nyuzi za shaba nyeusi. Nilikata sehemu hiyo hadi kwenye shaba inayong'aa. Acha nafasi mbele ya feni, kwa sababu konvata ikikosa hewa hupunguza ampea zake yenyewe.

Nilipima tena pande zote mbili ikiwa inachaji kwa nguvu: 14.4 kwenye konvata, 14.2 kwenye betri. Baada ya wiki nilikaza skrubu upya, kwani shaba hulegea ikibanwa, na ya chanya ilikubali karibu robo mzunguko.