Miaka 32 Nikijificha, Kisha Foleni ya Nyayo House

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya pasipoti pale Nyayo House, Nairobi, magoti yakanikataa. Mliokuwa watu wazima enzi za Moi mnajua jengo lile lilikuwa nini. Ukikaribia kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, mazungumzo yalikatika yenyewe. Chini kulikuwa na vyumba ambamo watu walisimamishwa ndani ya maji; mwaka 2003 vilifunguliwa, wananchi wakaingia kuvitazama. Mimi nilivijua kabla. Nilikuwa kachero. Sikumgusa mtu, lakini nilijua, nikanyamaza.

Sasa foleni inazunguka, mama ananyonyesha, vijana wanaisema serikali kwa sauti ambayo enzi zetu ingekupoteza. Kijana wa nyuma yangu akanishika kiwiko. "Mzee, kaa kidogo, nafasi yako nitakushikia." Nikakaa chini, nikalia.

Kwa miaka 32 nilikuwa nimeiandaa siku ile. Nilivuka Namanga usiku mwaka 1993, nikaishia Ndola, Zambia, nikiuza vipuri kwa jina la kubuni. Sikuwahi kupiga simu nyumbani mara mbili kutoka mahali pamoja. Mama alizikwa bila mimi. Niliamini siku nitakayolitamka jina langu la kweli mbele ya afisa, atainua kichwa na kunyanyua simu. Binti wa dirishani akaliandika, akatazama kompyuta, akasema: "Baba, vua kofia, angalia kamera."

Basi, yakaisha hapo. Hakukuwa na alama yoyote kando ya jina langu. Huenda kwa miaka 20 hakuna aliyenitafuta, na mimi nimemzika mama yangu kwa kuambiwa tu. Usingizi haujarudi tangu siku hiyo.

Kuanzia 1991 nilibeba bahasha. Mkubwa wangu alinipa, nikazipeleka kwa wanasiasa na watu wa benki, nikarudi na nyingine. Uchaguzi wa 1992 ulikuwa mlangoni na mji umejaa zile noti za mia tano tulizoziita Jirongo, kwa jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo. Sikuuliza. Nilipokea changu, nikamjengea mama nyumba ya mawe. Hilo nalisema wazi, kwa sababu niliifurahia ile nyumba.

Halafu akatokea David Munyakei, karani wa Benki Kuu, kijana kama mimi. Aliona mabilioni yakilipwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuwa nazo za kuuza. Akawapelekea wabunge wa upinzani karatasi. Akakamatwa, akapoteza kazi. Siku niliposikia amekamatwa ndiyo siku nilipofunga mfuko. Yeye alisema, mimi nikakimbia.

Juzi nimesoma ripoti ya Tume ya Bosire, iliyochunguza kashfa hiyo ya Goldenberg, kwenye simu ya mpwa wangu, sebuleni, chai ikipoa. Shilingi bilioni 158. Jina la James Kanyotu, aliyeongoza ujasusi kuanzia 1965 hadi 1991, limo kama mkurugenzi wa Goldenberg pamoja na Kamlesh Pattni. Jina ambalo hatukulitamka hata chooni! Imeandikwa tangu 2006, yeyote anaisoma. Mpwa wangu ana miaka 22. Akaniuliza, "Mjomba, Goldenberg ni nini?" Nikamweleza hadi usiku wa manane. Mashtaka dhidi ya Pattni yalifutwa na jaji mwaka 2013. Desemba 2024, Marekani na Uingereza zikamwekea vikwazo kwa madai ya magendo ya dhahabu ya Zimbabwe. Dhahabu tena. Na Munyakei? Alipewa tuzo ya uadilifu mwaka 2004, akafa maskini 2006, hata miaka 40 hajafika. Hapo ndipo ninapokwama kila nikijaribu kuendelea. Angekuwa na mwenzake mmoja tu wa kusimama naye, na mwenzake huyo alikuwa Ndola akipima mikanda ya feni.

Mlioko nje mkiogopa kurudi, rudini wazazi wakiwa hai. Njooni na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha zamani, ombeni pasipoti kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwanza. Na laini mpya ya simu msimpe mtu wa kazi ya zamani. Mimi sikumpa, lakini Ijumaa ililia.

Niliitambua sauti kabla hajamaliza kukohoa. Ni mkubwa wangu, yule wa bahasha. Dirishani sikuwa na faili. Kumbe faili langu alikuwa nalo yeye. Ana kesi ya kiwanja. Anataka niape kwamba mwaka 1992 nilishuhudia kikigawiwa kihalali. "Ni saini tu, bwana mdogo. Kuna kitu kidogo chako." Nina miaka 57, bado ni bwana mdogo wake.

Mkono ulitetemeka, sitaficha. Nikamwambia, "Mkubwa, nitaapa. Lakini nitaapa yote."

Alinyamaza muda mrefu, nikamsikia akipumua. Kisha akakata.

Wakili ninamwona Jumatatu. Mpwa wangu ananiandikia tarehe za bahasha, mimi nasema, yeye anapiga chapa. Tumefika Septemba 1992.