Sitini na Moja

Jumamosi tumevuka daraja la Mwache, tukienda harusini Diani. Wanaonisoma siku nyingi wanajua mimi na feri ya Likoni, Mombasa, hatupatani, kwa hivyo tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe mpaka mwisho, mtu akitaja tu Kusini mimi nishavaa viatu. Maji yalikuwa yamekupwa na vioo vya gari viko chini. Harufu ikaingia. Tope la mikokoni lina harufu yake, kama yai viza lililotiwa chumvi, na ukishaivuta miaka miwili haikutoki puani. Huyu wa mwisho wangu, ambaye kunyamaza kwake ni adhabu, akaziba pua, akachungulia chini, akauliza:

“Mama, ndiyo uliyopanda wewe ile?”

Anaijua ile picha ukutani kwa nyanyake: mimi na fulana ya kijani, tope mpaka magotini, nimeshika mche kama nimeshika bendera.

“Ndiyo,” nikasema.

Baba yake akanitupia jicho la pembeni, kisha akarudisha macho barabarani. Yeye kisa anakijua. Nyinyi sijawahi kuwaambia.

Mwaka 2015 sikuwa na kazi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimezunguka mjini na bahasha ya vyeti mpaka pembe zimechakaa, na kundi letu la kujitolea lilikuwa na vitu viwili: fulana na chakula cha mchana. Sitajifanya kwamba nilisukumwa na mapenzi ya bahari. Wali wa nazi na kamba ndio ulionisukuma, na zaidi ya hapo sikuwa na pengine pa kwenda asubuhi. Nilipata cheo upesi kwa sababu ya mwandiko. Fomu zote zikawa zangu.

Mto Mwache hushuka kutoka bara, upande wa Waduruma, na kukinyesha huko huja mwekundu, umebeba mashamba ya watu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi hata ukafukia mizizi ya mikoko, na mkoko hupumulia mizizi yake ya juu. Kuifukia ni kumziba mtu pua na mdomo. Mahali pakubwa pakakauka. Nakumbuka vigogo vyeupe vimesimama kama umati ulioambiwa ungoje, na watu wakiingia na mashoka kuchukua kuni, maana mti uliokufa hauna mwenyewe. Hata walio hai walikuwa wakikatwa boriti na pau za kujengea, usiku usiku, na wengine wa hao wakataji baadaye walivaa fulana za kijani pamoja na sisi. Si kuwasengenya. Hao ndio waliojua njia.

Tena kulikuwa na Gazi, kijiji cha huko Kusini, na Gazi ndiyo iliyotutia wazimu. Tangu 2013 kule mradi wao wa Mikoko Pamoja ukawa unauza kaboni, ile hewa chafu inayomezwa na miti: miti imesimama tu, haikatwi, na pesa zinaingia za maji ya kijiji na vitabu vya shule. Kila kundi la pwani likataka kuwa Gazi. Hakuna aliyetaka kusikia kwamba pale Gazi watafiti na wanakijiji walikuwa wakipanda na kupima tangu miaka ya 1990. Sisi tulitaka kwa msimu mmoja.

Basi tukapanda mkoko, mkoko wenyewe, kwa sababu ndio mwepesi. Mbegu yake huota ikiwa ingali juu ya mti, ikaning'inia kama bamia refu. Ukiiokota huna haja ya kitalu. Unaidunga topeni, unasogea hatua moja, unadunga nyingine, mtu mmoja anamaliza mia kabla ya chai. Mlilana, jamaa yake mkoko, ambao ndio unaostahili kukaa mbele kabisa kwenye maji, una vijimbegu vya kubembelezwa kitaluni miezi na miezi, na sisi tulikuwa na wageni wanakuja na kamera. Tukaudunga mkoko kule mbele, kwenye tope tupu lililo wazi kwa mawimbi, mahali ambapo nadhani haujawahi kuota mkoko tangu dunia iumbwe.

Najua mnangoja nimlete mzee mwenye busara aliyetuonya. Hayupo. Mtu mzima kuliko sote alikuwa Shangazi (sote tulimwita hivyo, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu), mchuuzi wa uduvi aliyezaliwa kando ya hori lile lile, na yeye ndiye aliyechagua mahali. Palikuwa karibu na alipokuwa akifunga mtumbwi.

Miezi minane baadaye tukatumwa kuhesabu. Wafadhili walitaka ripoti kabla ya mwezi kuisha, na mwenyekiti alikuwa ametuambia, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba miche ikionekana imeshika zaidi ya nusu, awamu ya pili inakuja. Awamu ya pili maana yake kitalu, viatu vya mpira, na posho kidogo kwa siku.

Tulikuwa wawili tu, mimi na Shangazi, siku ya bamvua, maana maji mafu hayaondoki vya kutosha kule mbele. Yeye alishika kamba, ya kupimia, si wa kula, na mimi fomu na penseli. Penseli kwa sababu wino hutiririka ukilowa, ndivyo tulivyofundishwa. Kila ploti ilikuwa mita 10 kwa 10, na ndani yake tulikuwa tumepanda miche 100 barabara, kwa hivyo idadi unayopata ndiyo hiyo hiyo asilimia. Hakuna hesabu ya kufanya. Hakuna pa kujificha.

Tukavuta kamba pembe nne. Nikatazama ndani na kwa muda nikadhani tumekosea mahali.

Vijiti. Vingine vimelala, vingine vimefunikwa tope mpaka shingoni, vingine vimesimama wima lakini vimevaa vile vigamba vyeupe vikali vinavyoshika chini ya mitumbwi, vimejaa shina zima kama mtu aliyevishwa shanga mpaka akashindwa kuinua kichwa. Katikati ya ploti kaa mdogo mwenye gando moja kubwa alikuwa akilipunga, anatuita au anatufukuza, sikujua. Nikaanza kona ya kushoto. Shangazi alitembea nyuma yangu akigusa kila ncha kwa kidole, polepole, kama anayehesabu watoto waliolala.

Yenye majani ilikuwa saba.

Nikarudi kona ya kushoto. Saba.

“Ukwangue,” Shangazi akasema. Akainama, akaukwangua mche usio na jani kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya ganda palikuwa na rangi ya kijani, nyembamba kama uzi. “Huu haujafa.”

Tukaanza kukwangua. Sijui kama mmewahi kuinama kwenye tope la magoti, jua la saa sita likiwa mgongoni, mkikwangua vijiti kimoja kimoja kutafuta kijani. Kila kilichotoka kahawia nilikuwa nahisi kama nimemfumania mtu. Chenye kijani kikitokea, Shangazi alisema “Haya,” basi, hakuongeza neno, na mimi nilichora kistari. Tulipata vinne. Saba na vinne. Nikaandika 11 kwenye kisanduku, kwa ule mwandiko wangu mzuri, na tukasimama tukiitazama ile namba wote wawili, ingawa Shangazi hakujua kusoma. Au alikuwa akisema hajui. Mambo mawili hayo.

Nyuma yetu maji yalikuwa yameanza kurudi. Maji ya bamvua hayaji kwa kishindo. Unasikia kwanza mlio mdogo, kama kitu kikinyonywa, ni vishimo vya kaa vikijaa, na ukigeuka unakuta mahali ulipokuwa umesimama pameshakuwa bahari. Kwenye vifundo vya miguu yangu maji yalikuwa ya vuguvugu.

“Kumi na moja, Shangazi,” nikasema.

Hakunijibu. Alikuwa akikunja kamba, akiiviringisha kiganjani na kwenye kiwiko, akiiviringisha, macho yako kwenye mtumbwi. Viatu vyake vilikuwa ndara mbili zisizofanana, moja ya bluu na moja ya njano, ameziingiza mkononi kama bangili ili zisimezwe na tope. Nyayo zake zilikuwa zimekatwakatwa na magamba ya chaza, za juzi na za miaka.

“Andika, mwanangu,” akasema. “Maji yanaingia.”

Nilikuwa nimeshaandika. Yeye aliniona nikiandika. Nimeligeuza neno hilo kila upande kwa miaka na sijaweza kujua alitaka nini. Labda alimaanisha tu ploti ya pili, tuharakishe. Lakini mkono wangu ulilielewa namna yake. Nikaiweka ncha ya penseli chini ya ile moja ya kwanza, nikaipindisha, nikaipandisha juu kidogo, nikaifunga. Sita. Sikufuta kitu. Ilikuwa nyepesi kuliko kutia nukta.

61.

Ploti ya pili tulipata 14, ikawa 64. Ya tatu hatukukwangua hata kijiti kimoja, maji yalikuwa yamefika magotini. Nikakadiria 10, na sijui kwa nini nilihangaika kukadiria kwa uaminifu namba niliyokuwa naenda kuigeuza. Ikawa 60. Mtu yeyote mwenye macho angejiuliza mbona ploti zote tatu ziko kwenye sitini. Hakuna aliyejiuliza. Namba ilipanda kutoka kwa mwenyekiti ikaenda ofisini, ikatoka huko kwenye karatasi ya rangi yenye picha yangu, ile ya ukutani kwa mama.

Yaliyobaki ni mafupi. Awamu ya pili ikaja. Kitalu kikajengwa, tukafundishwa upya, safari hii mti kwa mahali pake: mchu na mkandaa nyuma, mlilana mbele, mkoko katikati. Mingi ilikufa, mingine ikashika, na iliyoshika ilishika kweli, nimeihesabu mwenyewe bila kupindisha kitu. Shangazi akapata viatu vya mpira, akavivaa siku moja, akamuuzia kijana wa kuvua kaa. Mimi nikapata kazi mjini, na barua ya kunipendekeza ilitaja “umakini wake katika takwimu”. Bado ninayo hiyo barua. Shangazi alifariki kabla daraja hili halijafunguliwa, na sikuwahi kumuuliza.

Sasa kuna hili linaloniharibia kisa. Pale mbele, kwenye ploti zetu tatu, leo kuna miti. Si mkoko. Kwa nilivyoona kutoka darajani, kwa umbali ule na gari likienda, majani ni ya mlilana, na pengine mchu, na hakuna mtu aliyeipanda. Mbegu zimekuja na maji. Baba yake mtoto huwa anasema labda vile vijiti vyetu vilivyokufa vilizinasa. Anasema hivyo kwa kunihurumia. Mimi nadhani zingekuja tu, na pengine zingekuja mapema kama tusingelikanyagakanyaga lile tope. Pesa zilizoletwa na sita yangu ndizo zilizoleta kitalu, na kitalu ndicho kilichotufundisha kwamba sita yangu ilikuwa upuuzi. Mtu akiweza kunipangia hapo wapi dhambi na wapi thawabu, aje nimpikie.

Msichana wangu alikuwa bado ameng'ang'ania kioo.

“Ulipanda ngapi?”

“Nyingi.”

“Ngapi?”

“Hebu hesabu,” nikamwambia.

Akahesabu kwa sauti, kidole juu ya kioo, akiruka mmoja na kurudia mwingine, jinsi wanavyofanya. Daraja likaisha hajafika ishirini. Akageuka kuniangalia, ameudhika na barabara.

“Basi Mama, tuseme ni ngapi?”